Jinsi ya kupima sauti ya programu za muziki nyumbani kwako: mwongozo kamili kwa wasikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kati ya Spotify, Boomplay, Apple Music, YouTube Music na wenzao, ipi inatoa sauti nzuri zaidi? Ukiuliza Mwanjelwa, Mbeya, utapata jibu, ukiuliza Kihesa kule Iringa utapata jibu jingine, na kila mmoja atakuapia. Tatizo ni kwamba karibu wote wanalinganisha vitu visivyolingana. Mmoja anasikiliza kwa mtandao unaosuasua, mwingine kafungulia sauti juu zaidi, wa tatu ana redio ya Bluetooth, wa nne kachomeka waya.

Mwongozo huu unakupa njia ya kupata jibu lako mwenyewe, sebuleni kwako, kwa vifaa ulivyo navyo. Utahitaji simu, redio au sabufa, daftari, sarafu moja na mtu wa nyumbani mwenye subira. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: katika nyumba nyingi za huku kwetu, kinachoharibu muziki si kampuni uliyoichagua. Ni mipangilio iliyoachwa kama ilivyokuja, ni Bluetooth, na ni mahali spika zilipowekwa. Hayo matatu yakishughulikiwa ndipo tofauti ya programu moja na nyingine inapoanza kusikika, kama ipo.

Namba za kuzijua kwanza

Muziki wa CD huhifadhiwa kwa kulipima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Jumla yake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, au kbps kama programu zinavyoandika. Huo ni mzigo mzito kwa mtandao wa simu, kwa hiyo programu nyingi huupunguza. MP3, AAC, Ogg Vorbis na Opus zote zinafuata wazo moja: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo jirani nayo, basi ile iliyofunikwa inaweza kutupwa bila sikio kugundua. Zikitupa kidogo, husikii kitu. Zikitupa sana, unasikia. FLAC na ALAC hazitupi chochote. Huibana data ikawa ndogo, kisha huifungua ikarudi vilevile ilivyotoka studio. Hiyo ndiyo nitaiita sauti isiyopunguzwa.

Spotify, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2021, ina ngazi za 24, 96, 160 na 320 kbps. Asiyelipa anaishia 160. Septemba 2025 ilianza kuwapa wanaolipa sauti isiyopunguzwa, FLAC ya biti 24 na 44.1 kHz (yaani vipimo 44,100 kwa sekunde), nchi baada ya nchi. Ingia kwenye mipangilio ya ubora uone kama neno Lossless limefika kwenye akaunti yako. Apple Music hutumia AAC ya 256 kbps, na tangu Juni 2021 ina sauti isiyopunguzwa hadi biti 24 na 192 kHz bila kuongeza bei. Inafanya kazi pia kwenye simu za Android, jambo ambalo wengi hawalijui. YouTube Music ina ngazi za 48, 128 na 256 kbps, basi. Deezer inafika ubora wa CD kwa FLAC, na Tidal inafika biti 24 na 192 kHz.

Boomplay ilianzia Nigeria mwaka 2015 na huja tayari ndani ya simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, ndiyo maana iko kwenye mifuko ya watu wengi sana huku. Kwayo, kwa Audiomack na kwa Mdundo, usitegemee maneno ya mtu: fungua mipangilio ya kila moja, tazama ngazi inazotoa, uandike kwenye daftari. Mdundo inakupa faili la MP3 unalolipakua likabaki kwenye simu au flashi, na faili ukiwa nalo mkononi unaweza kulichunguza, kama nitakavyoeleza mbele.

Kuna pia wanaosikiliza muziki kwa YouTube ya kawaida kwenye runinga. Sauti yake si mbaya, lakini picha inakula data mara nyingi kuliko sauti peke yake. Kama hutazami video, unalipia kitu usichokitumia.

Hatua ya 1: Andaa chumba na redio

Nyumba zetu zina tabia zake. Paa ni la bati, dari ni la jipsamu au mbao, sakafu ni ya vigae au saruji, madirisha ni ya aluminiamu. Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaodunda kama uko kwenye korido ya shule, chumba kina mwangwi, na mwangwi huo utafunika vile vitu vidogo unavyotaka kuvilinganisha. Tandika zulia au jamvi, shusha mapazia mazito, rudisha makochi ya vitambaa mahali pake. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, wakazi wa Mbeya, Makambako na Njombe wana bahati: mablanketi mazito tayari yapo, na blanketi lililoning'inizwa ukutani nyuma ya msikilizaji linanyonya mwangwi vizuri.

Mvua ni suala la pekee. Baadhi ya maeneo ya Wilaya ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mtu wa Tukuyu hahitaji kuelezwa mvua ikigonga bati inafanya nini kwa wimbo wa taratibu. Usipime siku hiyo. Pima usiku uliotulia au alfajiri, majirani wakiwa hawajafungulia za kwao, jokofu likiwa limezimwa kwa muda.

Sasa spika. Sabufa nyingi huku huwekwa kwenye kona chini ya kabati, na spika ndogo hubebanishwa juu ya runinga kwa sababu waya ni mfupi. Kona huongeza besi kupita kiasi, na spika zilizobanana hufanya muziki wote utoke sehemu moja. Toa sabufa kwenye kona, iache hatua moja kutoka ukutani. Tenganisha spika ndogo mbili kwa meta moja na nusu hadi mbili, ziinue zilingane na masikio ya aliyeketi, kisha kaa umbali unaolingana na ule ulio kati yao, ili wewe na spika mfanye pembetatu. Kama redio yako ina spika ya tatu, izime redio kwanza kisha uichomoe kwa muda wa jaribio. Usipotoshwe na gharama: waya wa spika wa ziada dukani ni bei ndogo sana ukilinganisha na malipo ya mwaka mzima ya programu yoyote, na faida yake utaisikia siku hiyohiyo.

Cheza wimbo wenye besi nzito usikilize kama kuna kitu kinachotetema: kioo cha kabati, tundu la dari, fremu ya dirisha. Kitulize kwa kipande cha karatasi au kitambaa. Mtetemo wa dirisha watu huusingizia programu.

Hatua ya 2: Achana na Bluetooth kwa muda wa jaribio

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bluetooth haipitishi muziki kama ulivyofika kwenye simu. Simu huufungua wimbo, kisha huubana upya kwa kodeki (njia ya kubana na kufungua sauti) ya Bluetooth, na redio huufungua tena. Kodeki ya lazima ambayo kila kifaa kinayo inaitwa SBC, na kikomo chake cha kawaida ni takriban 328 kbps. Zipo zilizo bora zaidi. LDAC inafika 990 kbps, lakini sharti simu na redio vyote viwe nayo, na sabufa za bei ya kawaida mara nyingi zina SBC tu. Kulipia sauti isiyopunguzwa halafu kuipitisha kwenye SBC ni sawa na kununua mchele wa Kyela ukauchanganya na chenga kabla ya kuupika.

Ukitaka kujua simu yako ya Android inatumia kodeki gani, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, na menyu ya wasanidi programu itafunguka. Ndani yake kuna mstari wa kodeki ya sauti ya Bluetooth. Unganisha redio kwanza, ndipo usome.

Kwa jaribio, tumia waya wa AUX. Simu isiyo na tundu la spika za masikioni inahitaji kiunganishi cha USB-C chenye kigeuza sauti ndani yake. Mwombe muuzaji akijaribu na simu yako papo hapo kabla hujalipa, kwa sababu vipo visivyokubaliana na baadhi ya simu. Weka sauti ya simu karibu na mwisho, robo tatu au zaidi, kisha urekebishe kwa kitufe cha redio. Sauti ya simu ikiwa chini sana, mvumo wa redio unajitokeza. Ukisikia mvumo wa umeme unaoendelea hata muziki ukisimama, chomoa chaja ya simu. Mara nyingi mvumo unaingia hapo, chaja na redio vikiwa kwenye umeme mmoja na waya wa sauti katikati yao. Chaji simu ijae kabla, upime bila chaja.

Baada ya jaribio unaweza kurudi kwenye Bluetooth kama inakurahisishia maisha. Lakini ujue kwamba ukishaamua kusikiliza kwa SBC daima, mjadala wa sauti isiyopunguzwa haukuhusu, na pesa yako ipeleke kwingine.

Hatua ya 3: Rekebisha mipangilio ya kila programu

Programu nyingi huja zikiwa kwenye ubora wa kujipangia zenyewe. Mtandao ukilegea, nao ubora unashuka kimyakimya, na hutaambiwa. Mtu wa Makete au Ludewa, milima ikimkinga na mnara, anaweza kulipa kila mwezi na bado akawa anasikiliza 96 kbps muda mwingi. Kwa hiyo fanya haya kwenye kila programu unayoipima:

- Weka ubora wa juu kabisa, kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia, maana huwa ni mistari miwili tofauti.
- Weka ubora wa juu kwenye upakuaji vilevile. Huo ni mstari wa tatu, na ndio unaosahaulika.
- Zima kiokoa data, ndani ya programu na kwenye simu yenyewe.
- Zima ekwalaiza, viongeza besi na mapambo yote ya sauti ya simu. Ya redio yaache katikati.
- Zima usawazishaji wa sauti, ule unaofanya nyimbo zote zilingane ukubwa. Sababu yake inakuja kwenye hatua ya 6.
- Kwenye Apple Music zima Dolby Atmos, ile sauti ya kumzunguka msikilizaji. Wimbo wa Atmos umechanganywa upya studio. Ukiulinganisha na wa kawaida unapima kazi za mafundi wawili tofauti.

Kisha pakua nyimbo zote za jaribio kabla ya siku yenyewe. Ukipima kwa kutiririsha moja kwa moja, utakuwa umepima mnara wa mtandao wa mtaa wako. Kama ulikuwa umezipakua zamani kwa ubora wa chini, zifute uzipakue upya, kwa sababu mpangilio mpya haubadilishi kilichokwisha kushushwa.

Hatua ya 4: Chagua nyimbo zinazoumbua

Wimbo mzuri wa jaribio si lazima uwe unaoupenda. Ni ule wenye vitu ambavyo kodeki inapata taabu navyo, na muziki wetu umejaa vitu hivyo.

Cha kwanza ni kayamba na njuga. Kila mtikisiko wa kayamba ni punje nyingi zinazogonga kwa wakati mmoja, mlio wa ghafla usio na noti. Kodeki hukata muziki vipande vipande vya muda mfupi, na mlio wa ghafla ukiangukia katikati ya kipande, makosa yake husambaa hadi kabla ya mlio wenyewe. Unasikia kama vumbi dogo linatangulia pigo. Kwenye ubora wa chini kayamba huacha kuwa punje na kuwa mchirizi. Makofi ya umati na vigelegele vya kanisani vina shida hiyohiyo, na wapimaji wa kodeki duniani hutumia makofi kwa sababu hiyo.

Cha pili ni kwaya. Nyanda za Juu Kusini hatuna upungufu hapa. Kwaya za Moravian, za KKKT na za Kikatoliki zimerekodi kwa miaka mingi, na sauti nne za binadamu wengi zikipishana ni mtihani mgumu. Sikiliza herufi s na sh mwishoni mwa mistari: zinatoka safi, au zina ukali wa kukwaruza? Sikiliza pia kama unaweza kuwatenga besi na tena, au wote wamekuwa ukuta mmoja. Nakusihi uwe na kwaya angalau moja kwenye orodha yako. Muziki huu umeimbwa na watu wa hapa, katika makanisa tunayoyafahamu mwangwi wake, na masikio yako yana kumbukumbu ya kweli ya unavyopaswa kusikika.

Cha tatu, gitaa la dansi la zamani lenye nyuzi zinazojibizana. Hapa tahadhari: rekodi za studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilifanywa kwenye tepu, na nyingi zilifika mtandaoni kwa kupitia mikono mingi, pengine zikiwa zimeshageuzwa MP3 njiani. Sauti isiyopunguzwa haiwezi kurudisha kilichotupwa kabla haijapokea wimbo. Rekodi kama hiyo itasikika sawasawa kwenye kila programu, na hilo lenyewe ni jambo la kulijua kabla hujalipa.

Ongeza wimbo mmoja wa bongo fleva wa miaka ya karibuni wenye besi ndefu ya chini, na mmoja ambao ni sauti ya mtu na chombo kimoja tu. Vitano vinatosha.

Halafu hakikisha rekodi ni ileile kila mahali. Wimbo mmoja unaweza kuwa na toleo la albamu, toleo la singo, na lililosafishwa upya. Linganisha jina la albamu, mwaka, na urefu kwa sekunde. Dakika 4:12 hapa na 4:09 kule, achana nao, chagua mwingine.

Kwa faili la MP3 ulilolipakua, kuna programu ya bure ya kompyuta inayoitwa Spek. Buruta faili ndani yake na itakuchorea masafa yote ya wimbo kwa rangi, sauti nene chini na nyembamba juu. MP3 ya 128 kbps kwa kawaida imekatwa karibu na 16 kHz, juu yake giza tupu. Ya 320 hufika karibu na 20 kHz. Faili linalodai ni 320 huku picha imekatwa 16 ni wimbo uliokwisha kupunguzwa, ukavalishwa namba kubwa. Ni ukaguzi wa nusu dakika, na huko kwenye makundi ya kurushiana nyimbo wenzako watakushukuru.

Hatua ya 5: Lizoeze sikio kabla ya kulipatia kazi

Usianze kwa kulinganisha programu mbili. Anza na programu moja dhidi yake yenyewe, kwa wimbo ambao hujaupakua: weka ngazi ya chini kabisa, sikiliza sekunde 20 za kayamba, kisha weka ya juu kabisa, sikiliza sekunde zilezile. Spotify inafaa kwa hili kwa sababu ngazi yake ya 24 kbps imeharibika vya kutosha kwa mtu yeyote kusikia. Kariri uharibifu unavyosikika: matoazi yanakuwa na mlio wa majimaji, upana wa kushoto na kulia unapungua, mwangwi wa kanisa unakatika kabla haujaisha. Panda hadi 96, tafuta dalili zilezile. Panda 160. Wengi hufika mahali dalili zinapotea, na mahali hapo, kwa redio yako na masikio yako, ndipo mpaka wako ulipo. Uandike.

Spika za masikioni za waya hurahisisha mazoezi haya kwa kuwa zinaondoa chumba. Lakini uamuzi wa mwisho ufanyie kwenye redio, maana ndiyo utakayosikilizia.

Hatua ya 6: Linganisha ukubwa wa sauti

Sikio la binadamu huchukulia sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo bora, hata tofauti ikiwa desibeli moja tu. Hutasema hii ni kubwa. Utasema hii ina besi nzuri, hii iko wazi. Spotify husawazisha nyimbo zake kwa kiwango cha kawaida cha -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo), na Apple Music ikiwa imewashwa usawazishaji wake hulenga -16. Hizo ni desibeli mbili za udanganyifu kabla hujasikia chochote kuhusu ubora. Ndiyo maana tulizima kote.

Ukishazima, na rekodi ikiwa moja, mara nyingi ukubwa utalingana wenyewe. Hakiki tu. Pakua programu yoyote ya bure ya kupima desibeli kwenye simu ya pili, iweke juu ya stuli pale utakapokaa, usiisogeze tena. Cheza sekunde 30 zilezile kwenye programu ya kwanza, andika wastani, kisha ya pili. Tofauti ikizidi nusu desibeli, rekebisha kwa kitufe cha redio, si kwa vitufe vya simu ambavyo hatua zake ni kubwa mno. Weka alama ya penseli kwenye redio, moja ya A na moja ya B. Redio yenye namba kwenye kioo inarahisisha, andika namba.

Hatua ya 7: Sikiliza bila kujua

Ukiijua programu inayocheza, akili itakusaidia kusikia ulichokilipia. Hakuna aliye juu ya hilo, hata fundi mitambo wa miaka mingi. Kwa hiyo mwite mwanao, shemeji au mama watoto, mpe simu, sarafu na daftari, nawe kaa mgongo ukimwelekea.

Utaratibu ni huu. Msaidizi acheze sekunde 15 za programu A, akitaja "A". Acheze sekunde zilezile za programu B, akitaja "B". Kisha arushe sarafu kimya: upande wenye sura ya mtu ni A, upande wa pili ni B. Acheze ile sarafu iliyochagua, aseme "tatu". Wewe useme ya tatu ilikuwa ipi, naye aandike jibu lako na la kweli bila kukuambia. Kati ya kila kipande asubiri muda uleule, ahesabu moja hadi tano kimoyomoyo, kwa sababu programu moja ikichelewa kuanza utaitambua kwa kuchelewa kwake. Hata kama sarafu imeangukia programu iliyokuwa ikicheza, atoke na kuingia tena, ili mlio wa kugusa kioo usikuambie kitu. Vipande viwe vifupi, maana kumbukumbu ya sauti ndogondogo hudumu sekunde chache tu.

Fanya mizunguko 16 kwa wimbo mmoja, mkipumzika katikati. Chai inaruhusiwa. Sikio lililochoka linabahatisha, kwa hiyo wimbo wa pili uahirisheni hadi kesho.

Kisha hesabuni. Mtu anayebahatisha tu hupata karibu 8 kati ya 16. Kupata 12 au zaidi kwa kubahatisha hutokea chini ya mara 4 katika majaribio 100, kwa hiyo ukifika 12 amini kwamba unasikia tofauti ya kweli. Ukipata 9 au 10, tofauti hiyo kwenye redio yako haipo, au ni ndogo kiasi kwamba haifai kulipiwa. Usiongeze mizunguko mpaka upate jibu unalolitaka.

Ukishathibitisha unasikia tofauti, ndipo uulize swali la pili: ipi unaipenda? Rudieni bila wewe kujua vilevile, safari hii ukichagua tu inayokufurahisha. Wapo wanaotofautisha vizuri na bado hawana wanayoipendelea.

Hatua ya 8: Weka bando kwenye hesabu

Gawa kbps kwa 8, zidisha kwa 3,600, gawa kwa 1,000: unapata MB kwa saa. Hivyo 96 kbps ni takriban MB 43 kwa saa, 160 ni MB 72, 256 ni MB 115, na 320 ni MB 144. FLAC ya ubora wa CD hubadilika kulingana na wimbo. Ukichukua 900 kbps kama makadirio, ni MB 405 kwa saa. Nyumba inayosikiliza saa mbili kila siku kwa kutiririsha, kwa mwezi itatumia karibu GB 2.6 kwa 96, GB 8.6 kwa 320, na GB 24 kwa FLAC. Za biti 24 na 192 kHz sizihesabu hata, kwa sababu kwenye sabufa ya sebuleni sioni zinaongeza nini.

Chukua bei ya bando unalonunua kweli, iwe Vodacom, Yas, Airtel, Halotel au TTCL, upate bei ya GB moja, uzidishe. Jumlisha na malipo ya programu yenyewe. Mara nyingi bando linaizidi programu, na hapo kupakua ndiko kunakokuokoa: wimbo wa dakika nne kwa 320 ni MB 9.6 mara moja tu, hata ukiusikiliza mwezi mzima. Wenye bando la usiku wapakue usiku, wenye Wi-Fi ya ofisini au chuoni wapakue huko.

Kuamua

Sabufa ya Bluetooth pekee, na huna mpango wa kununua waya: chagua programu yenye nyimbo unazozitaka na bei unayoiweza, weka ngazi ya 160 au zaidi, umemaliza. Kama kwaya ya kwenu iko Boomplay tu au Mdundo tu, basi hiyo ndiyo programu bora kwako, na namba za wengine zisikusumbue.

Redio nzuri kwa waya, spika zimepangwa, na umefeli kutofautisha 320 na isiyopunguzwa: baki na 256 au 320. Pesa iliyobaki inunue spika bora.

Redio nzuri, na umepata 12 au zaidi kwa nyimbo mbili au tatu: lipia isiyopunguzwa bila wasiwasi, kwa kuwa umelithibitisha kwa masikio yako. Anza na zile ambazo haziongezi bei kwa ubora huo, na uangalie kwanza kama njia za malipo ulizo nazo zinakubaliwa na programu husika hapa Tanzania.

Programu ikijisasisha, au ukibadilisha simu, rudi kwenye mipangilio ya hatua ya 3 uikague yote upya. Na kama unakwenda kijijini ambako mtandao haufiki, pakua kabla ya safari, ukikumbuka kwamba Spotify inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua zitafungwa hadi uipate mtandao tena.